Ukuta wa Nyuma ya Kituo

Ukuta wenyewe haukuwa mrefu wa kutisha. Ulisimama peke yake nyuma ya kituo cha zimamoto, katikati ya uwanja wa vumbi, kama nyumba iliyoanzwa kisha mwenyewe akaishiwa saruji. Mwanamume mrefu aliushika juu kwa kuruka kidogo tu. Mtu wa kimo cha Severina Mpinga alilazimika kutimua mbio, kuruka, kuning'inia kwa vidole, kisha kujivuta kwa nguvu za mikono mpaka kifua kipite juu, na wakati wote huo miguu isiguse tofali. Hilo la miguu ndilo lililowamaliza wasichana. Ukigusa ukuta hata kwa ncha ya kiatu, firimbi inalia, unachukua mkoba wako unakwenda zako.

Severina alikuwa koplo wa Kikosi cha Moto cha Ukanda wa Kati, kituo cha Itigi, kikosi kidogo kinacholinda maghala ya mafuta kando ya reli na vijiji vilivyobanwa na vichaka. Alizaliwa Misigiri, kwa wakulima wa alizeti na vitunguu, akaingia kazini akiwa binti mbichi. Enzi hizo ukuta haukuwepo. Walikimbizwa, wakabebeshwa mpira wa maji ulioloa, wakapandishwa ngazi, wakaingizwa kwenye chumba cha moshi ili ionekane nani atapagawa. Severina hakupagawa. Akapewa buti zilizompwaya, akajaza matambara kwenye vidole, akaanza kazi.

Miaka yote iliyofuata hakuwahi kuruka ukuta. Aliingia kwenye nyumba zinazoungua kwa mlango, kwa dirisha, mara moja kwa kubomoa bati. Kuta ndefu za Itigi zina vigae vya chupa juu, na hakuna askari mwenye akili zake atakayejitupa juu ya vigae wakati geti lipo na shoka liko mkononi. Kiwanda kidogo cha kukamua alizeti kilipowaka, mashudu yakatoa moshi mzito mweusi, Severina ndiye aliyemtoa fundi wa mashine, jitu lililomzidi uzito karibu mara mbili. Hakumbeba begani. Alimpitisha mkanda kwapani, akalala chini ambako hewa ilikuwa bado inavutika, akamburuta kinyumenyume hadi nje. Fundi yule mpaka leo akipita kituoni na baiskeli humpigia kengele.

Ukuta ulikuja baadaye, na mkuu mmoja aliyetembelea kambi ya mafunzo ya mbali, akauona huko, akaupenda. Akaamuru ujengwe na uingizwe kwenye usaili wa kuajiri. Hakukaa sana, akahamishwa. Ukuta ukabaki.

Ndipo Severina akateuliwa kuwa mmoja wa watu watatu wa jopo la usaili. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa kituo, Inspekta Chediel. Wa pili alikuwa ofisa utumishi kutoka makao ya kanda Singida, mama mmoja aitwaye Dorkas, mwenye miwani ya kamba na sauti ya upole.

"Tumekuweka ili wasichana wajione wana mwenzao," Chediel alimwambia, na Severina akaona fahari. Usiku ule alipiga pasi sare yake mwenyewe badala ya kumwachia binti yake.

Chediel hakuwa mtu mbaya. Tuliseme hilo mapema, kwa sababu ni rahisi kumchukia. Alikuwa mtu wa ibada, asiyepokea kitu cha mtu, na Severina alipokuwa na mimba ya mtoto wa pili ni yeye aliyemhamishia zamu za mchana bila kuombwa. Lakini alikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kuitikisa: kwamba haki ni kuwapa watu wote kipimo kimoja. Kipimo chenyewe kimetoka wapi, hilo hakuwahi kulifikiria.

Asubuhi ya usaili vijana walijaa uwanjani. Wengine walitoka Manyoni, wengine walikuja na treni, wengine walilala kwa ndugu zao mjini. Miongoni mwao alikuwamo Jenifa, binti wa Nduguti, mfupi, mpana wa mabega, amevaa raba zilizoshonwa pembeni kwa uzi wa kiatu. Mbio alimaliza pamoja na wavulana wa mbele. Mpira wa maji aliubeba kama mtu aliyezoea kubeba ndoo tangu utotoni, na kweli alikuwa amezoea. Kwenye chumba cha moshi, ambako walitakiwa kumtafuta mwanasesere wa magunia na kumtoa, alitoka naye haraka, anakohoa, akasema, "Afande, kuna mtungi wa gesi mle ndani uko wazi. Nimeufunga." Mtungi ulikuwa mtupu, umewekwa makusudi kuona nani ataukumbuka. Siku ile aliukumbuka yeye peke yake.

Halafu wakafika ukutani, na firimbi ya ukuta alikuwa amekabidhiwa Severina.

Mara ya kwanza vidole vya Jenifa viliteleza. Kila mtu alikuwa na nafasi mbili. Mara ya pili alirudi nyuma mpaka kwenye uzio, akaja mbio, akaruka, akashika. Akajivuta. Mishipa ya shingo ikamtoka. Kidevu kikafika juu, kifua kikaanza kupita, na hapo mguu wa kushoto, kama wenye akili yake wenyewe, ukagusa tofali.

Severina alipuliza.

"Afande, nimefika juu," Jenifa alisema, bado amening'inia. "Si unaona nimefika?"

"Mguu umegusa."

"Umegusa, ndiyo. Lakini nimefika."

Severina akashusha firimbi. Alimwonyesha kwa mkono upande wa kutokea. Binti akashuka, akajifuta vumbi viganjani, akasema, "Asante, afande," kwa adabu ile wanayofundishwa watoto wa kwao Mkalama, akaondoka bila kugeuka.

Siku ile hakuna msichana hata mmoja aliyevuka. Waliondoka pia vijana wa kiume wafupi, wepesi, waliofanya vizuri kila mahali pengine. Akapita kijana mmoja mrefu kama mlingoti ambaye kwenye moshi alipiga kelele, akatoka mikono mitupu na kumwacha mwanasesere ndani. Moshi ulikuwa wa kupewa alama, akapewa chache. Ukuta ulikuwa wa kuvuka au kuondoka, na yeye alivuka.

Walipokaa watatu ofisini kukamilisha majina, Severina aliuliza, "Afande, ule ukuta unapima nini?"

"Unapima nguvu," Chediel akajibu.

"Nguvu ya kufanya nini?"

"Severina, moto haubagui. Moto hauulizi wewe ni mwanamke au mwanamume. Nikianza kuwawekea wasichana ukuta wao na wavulana ukuta wao, hapo ndipo nitakuwa nimebagua."

"Sijaomba ukuta wa wasichana. Naomba tupime kazi. Hata wavulana wafupi wameondoka. Wote tumewapima kitu ambacho sisi wenyewe hatujawahi kukifanya kazini."

"Wewe hujawahi."

"Na wewe, afande, umewahi?"

Chediel akainuka, akafungua dirisha ambalo lilikuwa tayari wazi. Severina akamgeukia Dorkas, akitumaini. Mwanamke na mwanamke wataelewana, alijisemea moyoni.

Dorkas akavua miwani yake, akaipangusa. "Mimi, mdogo wangu, nimefika hapa nilipo bila kupunguziwa kitu," alisema. "Tukiwashushia, watadharauliwa maisha yao yote. Bora wachache wenye heshima."

"Lakini si wachache, mama. Ni sifuri."

"Basi watakuja wenye nguvu zaidi mwakani."

Dorkas alikuwa ameajiriwa kwa cheti cha utumishi. Hakuwahi kuusogelea ukuta ule hata kwa kuuegemea. Severina aliyarudia hayo kichwani njia nzima mpaka nyumbani.

Mumewe, Leonidas, alikuwa kwenye gengi la kukarabati reli, mtu wa maneno machache. Alimsikiliza huku akila, akauliza, "Sasa wewe kinachokuuma ni nini? Kazi unayo."

"Kinachoniuma ni kwamba nimepuliza mimi."

Leonidas akatafuna taratibu. "Usingepuliza wewe angepuliza mwingine," alisema. Alikusudia kumliwaza. Severina akaondoa sahani kabla hajamaliza kula.

Wazo lilimjia wiki chache baadaye, wakiwa wanaosha gari. Kama ukuta unapima kazi ya zimamoto, basi wanaoijua kazi ya zimamoto watauvuka. Ni rahisi hivyo. Kikosi kizima kifanye usaili wake chenyewe, kisha ionekane. Akalipeleka wazo kwa Chediel akitarajia kufukuzwa, na Chediel, kinyume cha matarajio, akakubali. Alikubali kwa sababu aliwaamini watu wake. "Jumamosi," alisema. "Utaona mwenyewe."

Jumamosi walikusanyika wote isipokuwa wa zamu. Mwanzo ilikuwa kama mchezo, watu wanacheka na kutaniana. Vijana wawili walioajiriwa baada ya ukuta kujengwa waliuvuka, wakapigiwa makofi. Akafuata Peniel, ambaye hakuna asiyemjua Itigi kwa kuteremka kisimani kumtoa mtoto. Peniel alishika juu, akajivuta nusu, akabaki amening'inia kama shuka kwenye kamba, kisha akapiga teke ukuta na kupanda kama binadamu yeyote. "Mguu!" wakapiga kelele. Akafuata mwingine, mguu. Mwingine hakuufikia kabisa. Severina mwenyewe aliruka mara mbili, na mara zote mbili alirudi chini na kucha zilizovunjika. Waliobaki wakashindwa vilevile, watu waliozima moto wa ghala la mafuta, watu ambao mji mzima uliwakabidhi roho zake. Kicheko kikaanza kupungua. Chediel alisimama pembeni akisema mgongo unamsumbua.

Severina alikuwa anausikia ushindi ukimpanda kifuani, ndipo Simeoni akatoka gereji akiwa na ovaroli.

Simeoni alikuwa dereva wa gari kubwa, mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Hakuna aliyemwita. Alijifuta grisi mikononi akasema, "Mbona mimi mnaniruka? Si niko kwenye kikosi?"

"Mzee, wewe acha tu," Severina alimwambia.

"Niache kwa nini? Kipimo si ni kimoja kwa wote?"

Wakacheka tena, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Alikuja mbio, akaruka vizuri kuliko walivyodhani, akashika. Lakini mikono ilikuwa na grisi. Aliporomoka akatua juu ya mguu mmoja uliopinda, na mlio uliosikika haukuhitaji daktari kuueleza. Kifundo kilikuwa kimevunjika.

Jioni Severina alipeleka uji hospitalini. Yunisi, mke wa Simeoni, alimkuta mlangoni mwa wodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Yunisi akapokea chupa ya uji, hakumkaribisha. "Severina, ulikuwa unatafuta nini kwa mzee kama huyu? Amebakiza muda mfupi apumzike na miguu yake miwili."

"Hakuitwa, mama. Alikuja mwenyewe."

"Zoezi lilikuwa la nani?"

"Langu."

"Haya," Yunisi akasema, akaingia ndani.

Ungetarajia kwamba baada ya siku ile mtu angesema: jamani, kikosi chetu chote kimeshindwa, basi kipimo hiki kina kasoro. Severina alingoja. Yalipotoka makao ya kanda, maamuzi yalikuwa mawili. La kwanza, Severina aondolewe kwenye jopo kwa kuanzisha zoezi lililomdhuru mtumishi. La pili, kwa kuwa imebainika askari wa Itigi wamelegea, kila asubuhi wafanye mazoezi ya ukuta mpaka wauvuke.

"Asante sana kwa ukuta wako, afande Severina," Peniel alikuwa akimwambia kila asubuhi, anahema, amejishika kiuno. Mwanzoni ilikuwa utani. Baadaye haikuwa utani tena. Kwenye chai walianza kunyamaza akiingia.

Mwaka uliofuata Jenifa akarudi. Safari hii Severina alikuwa gereji, anahesabu mabomba kwa macho tu huku akichungulia uwanjani. Alisikia baadaye kwamba binti yule alifanya mazoezi mwaka mzima kwenye uzio wa jengo jipya la serikali kule Nduguti, mpaka mlinzi akamfukuza akidhani ni mwizi. Alikuwa amekonda, mikono imejaa misuli. Akaruka, akashika mara ya kwanza, akajivuta, na Severina akapoteza hesabu ya mabomba. Kisha goti likakwaruza tofali. Goti, si kiatu. Jopo likainamiana, likashauriana. Firimbi ikalia.

Usiku ule Severina alimwambia Leonidas kwamba ataacha kazi. Hakuacha. Watoto walikuwa shule, na pia, ukweli ni kwamba aliipenda kazi ile kuliko alivyoichukia siku hiyo.

Kilichouondoa ukuta kwenye usaili hakikuwa maneno yake. Ni mguu wa Simeoni. Kifundo hakikuunga vizuri, mzee akabaki anachechemea, na alipodai haki yake ya kuumia kazini akatumwa daktari wa usalama kazini kuchunguza. Daktari alikuwa kijana mwenye tai, mstaarabu. Alitembea kuuzunguka ukuta, akaugonga kwa ngumi, akawageukia Chediel na Dorkas.

"Zoezi hili linaiga kazi gani ya zimamoto?"

Wakatazamana. Chediel akasema ni la nguvu kwa ujumla. Daktari akasema nguvu kwa ujumla si kazi. Akaomba aonyeshwe tukio, hata moja, ambapo askari aliuruka ukuta bila kuweka mguu. Hawakuwa nalo. Severina alikuwa amesimama nyuma na sinia la chai, kwa sababu siku hiyo waliamua kwamba yeye ndiye wa kuandaa chai. Alisikia swali lake, lilelile, likitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, na aliona jinsi lilivyopokewa: kwa heshima, kwa kutikisa vichwa. Alitua sinia mezani kwa kishindo kidogo kilichofanya vikombe vigongane. Chediel akamtazama, kisha akatazama pembeni.

Basi ukuta ukaondolewa kwenye usaili. Pakawekwa kuburuta mwanasesere mzito, kuvunja mlango, kupanda ngazi na mpira wa maji, na moshi ukafanywa wa kupita au kuondoka. Ukuta wenyewe ukabaki pale, wakawa wanaanikia mipira ya maji. Mazoezi ya asubuhi nayo yakafutwa, na Peniel akaanza tena kumsalimia vizuri, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nafasi zilipotangazwa, Severina alimpigia simu Jenifa siku hiyohiyo, kwa namba aliyoitoa kwenye fomu yake ya zamani. Alikuwa anahema kama aliyekimbia.

"Jenifa, ukuta umeondolewa. Njoo."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za mashine. Zikapungua. "Umri mwisho ni ngapi, afande?"

Severina alijua. Alikuwa amelijua tangu asubuhi, ila furaha ilimfanya alirukie. "Ishirini na mitano," akasema.

"Mimi nimefikisha ishirini na sita mwezi wa tatu," Jenifa akasema. "Asante kwa kunikumbuka." Kelele za mashine zikarudi, simu ikakatwa.

Severina hakuvua hata kofia. Akaenda moja kwa moja ofisini kwa Chediel.

"Afande, waliochujwa na ukuta waruhusiwe kurudi, hata kama umri umewapita. Kosa lilikuwa letu."

Chediel akashusha pumzi. "Severina, umepewa ukuta, sasa unataka na paa?"

"Kikosi kimekiri kipimo hakikuwa sahihi. Sasa waliodhulumiwa nacho?"

"Nani kasema wamedhulumiwa? Soma vizuri maagizo. Hakuna neno dhuluma. Wamesema maboresho."

"Maboresho."

"Ndiyo. Maboresho huanzia siku yalipotangazwa. Hayarudi nyuma." Kisha kwa sauti ya chini, sauti ya yule mtu aliyewahi kumhamishia zamu, akaongeza, "Mimi pia yule binti nilimwona. Usidhani sikumwona."

Pengine alikusudia kumfariji. Severina aliona ingekuwa afadhali kama asingemwona.

Usaili mpya ulipita. Wakaingia wasichana wanne na wavulana wawili wafupi ambao zamani wangeondoka mapema. Walikuwa wazuri. Mmoja wa wasichana wale, katika moto wake wa kwanza, aliwatoa mbuzi wote wa bibi mmoja zizini kabla paa halijaanguka, akatoka amepoteza nyusi. Severina aliwafundisha kufunga mkanda kwapani, kulala chini, kuburuta kinyumenyume. Siku moja alimsikia mmoja wao akimsimulia mwenzake jinsi daktari wa kanda alivyokuja akauondoa ukuta kwa siku moja tu, mtu jasiri kweli. Severina aliendelea kukunja mpira wa maji. Angeweza kusema, lakini angeanzia wapi?

Mwishoni mwa mwaka alikwenda Misigiri kumwona mama yake, na kutoka huko akaunga safari hadi Nduguti. Alimkuta Jenifa kwenye mashine ya kusaga ya mjomba wake, mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi viatu, amebeba gunia la mahindi begani.

"Shikamoo, afande," akasema, akatua gunia.

"Marahaba. Hapa niite dada."

Wakaongea Kinyiramba, lugha ya kwao wote wawili, na kwa Kinyiramba mambo yalikuwa mepesi kidogo. Jenifa alizima mashine, akampeleka nyumbani, akamwekea ugali wa mtama na mlenda. Akauliza habari za kazi. Severina akamweleza kuhusu wale wanne.

"Kuna mfupi?"

"Mmoja ni mfupi kuliko wewe."

Jenifa akacheka, kicheko cha kweli, kikaisha ghafla. Akaosha mikono polepole.

"Dada, nikuulize. Ile siku ya kwanza, mguu wangu uligusa. Sikatai. Nani aliona?"

"Mimi."

"Na mwingine?"

"Jopo lilikuwa pale. Inspekta alikuwa pale."

"Inspekta alikuwa anaongea na yule mama wa miwani. Walikuwa wametupa mgongo. Nilikuwa juu, nilikuwa nawaona." Aliyasema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. "Usingepuliza, hakuna ambaye angejua."

Severina alitaka kumwambia kwamba kama angeuficha mguso ule, angekuwa amemwingiza mtu mmoja kwa mlango wa nyuma na kuuacha ukuta uwakatae wengine milele. Lilikuwa jibu zuri. Alikuwa amelifikiria mara nyingi kabla ya kuulizwa. Lakini hapo, mbele ya binti mwenye unga kwenye kope, aliliweka kando.

"Nisamehe," akasema.

"Nilishakusamehe. Ila usinipigie tena simu kuhusu zimamoto." Jenifa akasimama, wateja walikuwa wanamngoja mashineni. "Nilikuwa nimeanza kusahau."

Njiani kurudi, Severina alishuka Singida akaenda makao ya kanda. Hakuwa ameomba miadi. Dorkas alimkaribisha kwa upole wake uleule, akasikiliza, akaegemea kiti.

"Huyo binti ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Basi mbona unahangaika hivi? Mwenyewe amekutuma?"

"Hapana, mama. Mwenyewe amenikataza."

Dorkas akamtazama juu ya miwani, kweli kabisa hakuelewa. "Suala la umri ni la mkuu wa kanda. Naye hayupo."

"Nitamsubiri."

"Yuko kwenye kikao. Huenda asirudi leo."

"Basi nitakuja tena."

Alikuja tena mwezi uliofuata, na uliofuata huo. Akaambiwa suala limepokelewa. Baadaye akaambiwa linashughulikiwa. Baadaye karani mpya akamuuliza ni suala gani, ikabidi aanze kulieleza upya, tangu kimo cha ukuta. Leonidas amekwisha kumwambia kwamba anapoteza nauli. Chediel amekwisha kumwambia kwamba anajiharibia cheo. Pengine wote wawili wako sahihi. Lakini kila akipata ruhusa ya kwenda Singida, Severina hupiga pasi sare, hufunga vifungo mpaka juu, na hukaa kwenye lile benchi la nje ya ofisi, mikono magotini, akiwatazama vijana wanaoingia na kutoka na bahasha zao za maombi ya kazi.